Mashahidi Wawili wa Taa Moja

Wengi wenu mmeziona zile taa ndefu za kioo, mfano wa bomba, zenye mvuke wa zebaki, ziwakazo bado katika baadhi ya ofisi na hospitali. Ukiigusa taa hiyo, waona uvuguvugu tu. Walakini wataalamu wasema ya kuwa ndani yake mna chembe za umeme, ziitwazo elektroni, zenye joto la digrii kama 11,000, yaani karibu mara mbili ya joto la uso wa jua. Nilipowaeleza wanafunzi wangu neno hili, mzee mmoja aliyekuja kumtazama mjukuu wake aliniuliza, "Mwalimu, mkono wangu wasema hivi, na kitabu chako chasema vile. Mtoto amwamini nani?"

Hilo ni swali la haki, wala halijibiwi kwa kusema, "Kitabu kimenena." Mtoto akizoea kuamini kwa sababu mwalimu amesema, kesho atamwamini na mlaghai wa sokoni kwa sababu iyo hiyo. Basi nilimweleza mzee jinsi watu walivyopima.

Umeme upitapo katika gesi nyembamba, elektroni hung'oka katika atomi. Hali hiyo Irving Langmuir wa Marekani aliipa jina la plasma mwaka 1928. Yeye na wenziwe walitia waya mwembamba ndani ya gesi iwakayo, wakabadili volti zake kidogo kidogo, na kila mara wakaandika kiasi cha umeme uliopokewa. Waya ukiwa na umeme hasi hufukuza elektroni. Zenye mbio nyingi tu ndizo zifikazo. Kwa kuhesabu zilizofika katika kila volti, joto lao hujulikana.

Lakini waya huo ni kama mgeni aingiaye katika mazungumzo: kuwapo kwake kwabadili maneno. Kwa hiyo hutafutwa shahidi wa pili, nuru yenyewe. Ikipitishwa katika kioo cha pembe tatu, hugawanyika kuwa mistari ya rangi, na kila elementi ina mistari yake. Kwa mistari hiyo Ramsay na Travers waliitambua gesi ya neoni huko London mwaka 1898. Tena, kwa kulinganisha ukali wa mistari, nguvu za elektroni hukadiriwa pasipo kuigusa gesi. Hata shahidi huyu ana upungufu, maana huchanganya nuru ya mbele na ya nyuma. Wazee wa baraza hawakati shauri kwa shahidi mmoja; na wapimaji vivyo hivyo.

"Basi mkono wangu umesema uongo?" mzee akauliza. La. Atomi moja ya zebaki ina uzito wa elektroni zaidi ya 360,000. Zikigongana, elektroni huiachia atomi joto kidogo mno, kama punje ya mtama irushwayo kwa ndovu. Gesi na kioo hubaki vuguvugu. Mkono ulipima kioo, waya ulipima elektroni, na kila mmoja umesema kweli juu ya ulichokigusa.

Mtoto na amwamini yule awezaye kuonyesha alivyopima, na kukiri pale kipimo chake kipungukapo. Tuwazoeze watoto wetu kuuliza, "Umejuaje?" Na sisi waalimu tuwe wa kwanza kuulizwa.