Kilobiti za Harusi

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alianza kazi Dar es Salaam akipiga video za harusi, enzi ambazo mteja alikabidhiwa DVD wiki kadhaa baada ya sherehe. Mwaka 2020 korona ikafunga safari. Shangazi aliyeko Muscat na kaka aliyeko Minneapolis wakataka kuiona ndoa ikifungwa, mubashara. Akapakua OBS, programu ya bure ya kurusha video mubashara, na tangu hapo kazi yake imekuwa ya tarakimu zaidi kuliko ya lenzi.

Ya kwanza ni kasi ya kupandisha. Wenye kumbi hujisifia kasi ya kushusha, ambayo kwa mrushaji si hoja. Yeye hupima ukumbi ukiwa mtupu, kisha hupima tena wageni wakishajaa na kila mtu ameshika simu. Akikuta megabiti 5 kwa sekunde, huseti picha kwenye kilobiti 2,500 kwa sekunde. Nusu nyingine ni akiba, mtandao ukiyumba.

Kwa kiwango hicho hurusha 720p, fremu 30 kwa sekunde. Waliomlipa kwa ajili ya kamera ya 4K hunung'unika. Huwaeleza kwamba H.264, kodeki iliyotoka mwaka 2003, hubana video kwa kutuma zaidi kile kilichobadilika kati ya fremu na fremu. Shehe akitoa nasaha, kinachosogea ni midomo na mkono. Lakini akina mama wakiinuka kwenda kutunza, vitenge vinapepea, taa zinazunguka, karibu kila nukta inabadilika. Hapo 1080p kwenye kilobiti 2,500 huzidiwa, na maua ya vitenge yanavunjika vigaevigae.

Msibani mambo ni mepesi: kamera imetulia, kilobiti 1,500 zinatosha. Sauti ndiyo haiguswi. Kodeki yake ni AAC ya kilobiti 128, kwa kuwa ndugu wa mbali huvumilia picha yenye ukungu, si dua inayokatikakatika.

Kiwango hukifunga kisipande wala kushuka, na fremu kamili huituma kila baada ya sekunde 2, kama YouTube inavyopendekeza. Anayejiunga katikati hasubiri sana kupata picha.

Kisha kuna bando. Kilobiti 2,500 pamoja na sauti hula takriban GB 1.2 kwa saa, kwa hiyo sherehe ya saa sita humaliza GB 7.

Mei 2024, nyaya mbili za baharini zilipopata hitilafu na intaneti ya Tanzania kudorora, alishuka hadi 480p na kilobiti 800. Bibi harusi alionekana. Nakshi za hina hazikuonekana. Kodeki mpya ya AV1 ingebana vizuri zaidi, ila kompyuta yake ingehemewa, na simu nyingi za watazamaji wake ni za zamani. Amebaki na H.264, na kwenye ankara ameongeza mstari wa laini mbili za mitandao tofauti, zinazolipiwa kabla ya siku ya shughuli.