Swali Lisiloulizwa

Mwanafunzi wa Nachingwea akifika kwenye mada ya uchumi wa kikoloni, hukutana na jina la wilaya yake ndani ya kitabu. Wengi hushtuka. Wamekua wakiamini kwamba historia hutokea Berlin, London, au ikijitahidi sana, Dar es Salaam. Nimefundisha somo hili katika sekondari za Nachingwea na Ruangwa, na mshtuko huo nimejifunza kuuheshimu, kwa kuwa ndipo maswali yanapoanza. Historia ni mafunzo ya kuuliza. Tarehe na majina ni vifaa vyake tu.

Chukua Mpango wa Karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wataalamu wake walizunguka huku kwa wiki chache, wakaandika ripoti, na serikali yao ikaridhia kulima mamilioni ya ekari za karanga, zikiwemo za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matingatinga yakashushwa, reli ikajengwa kutoka pwani, na bandari ya kina kirefu ikapangwa Mtwara. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa. Pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimeteketea, na miaka michache baada ya uhuru hata treni ya Nachingwea haikuwepo tena.

Nikimaliza kueleza hayo, hakosi mwanafunzi wa kunyoosha mkono: "Mwalimu, kwani wenyeji hawakuulizwa?" Hapo ndipo somo lilipo. Kongwa udongo uliwashinda kwa ugumu wakati wa kiangazi, na mvua haikufuata hesabu za ofisini. Mkulima aliyezaliwa juu ya ardhi hiyo alikuwa na elimu ya mvua na udongo wake, lakini elimu hiyo haikuhesabiwa kuwa elimu. Fedha na mashine, hata ziwe nyingi vipi, hazizibi pengo la swali ambalo halikuulizwa. Nimeona ukweli huo ukijirudia katika mikutano ya vijiji, katika kamati za shule na ndani ya nyumba zetu.

Wapo walioonyesha njia nyingine. Mwaka 1968 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, vita ambavyo Wamwera wa huku nao waliviingia. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya yaliyoandikwa ilitoka kwa Wajerumani, na kwao wapiganaji walikuwa watu waliodanganywa na waganga. Wazee walipopewa nafasi, walizungumzia kilimo cha pamba cha kulazimishwa, viboko na kodi, na uamuzi wa watu wazima waliojua wanachokipigania.

Nami huwatuma wanafunzi wangu nyumbani kwa utaratibu huo. Kwanza shikamoo, kisha subira. Muulize mzee kama aliyaona mwenyewe au alisimuliwa. Asipokumbuka mwaka, muulize ni kabla au baada ya njaa ipi, mtoto wake yupi alikuwa amezaliwa. Andika alivyosema, usimpambie. Halafu mtafute wa pili.

Wa pili ndiye anayefundisha zaidi. Tukisoma ukombozi wa Msumbiji, wanafunzi huulizia kambi ya FRELIMO ya hapa Nachingwea, iliyoongozwa na Samora Machel na kuandaa wapiganaji hadi uhuru wa nchi yao tarehe 25 Juni 1975. Babu mmoja atasimulia fahari ya kuwapokea ndugu waliovuka Ruvuma. Bibi wa nyumba ya jirani atasimulia hofu ya vita kuwafuata hadi mlangoni. Wanafunzi hutaka niseme nani mkweli. Huwaambia watazame kila mmoja alikuwa amesimama wapi, ana umri gani, ana watoto wangapi wa kuwalinda. Kijana aliyezoea kupima ushahidi hivyo hatamhukumu jirani kwa maneno ya upande mmoja.

Tena hujifunza kwamba babu na bibi zao, wakiwa na kidogo, walikubali kubeba hatari ya uhuru wa wengine. Hilo ni jambo la kurithi.

Nafurahi kwamba Historia ya Tanzania na Maadili sasa inafundishwa kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi nimemwona mtoto akisimulia habari za babu yake kwa ufasaha uani, kisha akainamisha kichwa darasani kwa kukosa Kiingereza cha kuyasema hayo hayo. Hakukosa akili wala historia.

Leo Ruangwa inatajwa kwa madini ya kinywe, na wageni wenye ramani na ripoti wanakuja tena. Sina ugomvi na maendeleo. Wanafunzi wangu wanahitaji ajira. Ninachotaka ni siku ya mkutano wa kijiji wawepo vijana watakaosimama na kuuliza: ripoti hii imeandikwa na nani, alizungumza na nani hapa kwetu, na mambo yakiharibika nani atabaki na hasara? Wazazi, msiwanyamazishe watoto wanapouliza mezani. Walimu, tusiwaharakishe kwa sababu ya mtihani. Kuuliza si ujinga, na Nachingwea ina ushahidi wa gharama ya kutouliza.