Iko Njiani

Dar es Salaam kila mtu yuko njiani. Mpigie simu fundi bomba, atakwambia yuko njiani, huku wewe unasikia kabisa ndoo ya kuogea inajazwa. Bajaji uliyoita iko njiani. Bwana harusi aliyechelewa saa mbili yuko njiani tangu alfajiri. Wala neno hilo hatuliiti uongo. Tunaliona kama adabu, namna ya kumtuliza mwenzio asihangaike. Nililelewa na neno hilo, nikauza nalo simu Kariakoo miaka minne, na nina hakika ndilo lililonipatia ajira kwenye kampuni inayosafirisha vipuri vya ndege. Aliyenisaili aliuliza ningemwambia nini mteja aliyepandwa na hasira. Nikamjibu kwa sauti yangu ya dukani. Akacheka, akaniandika.

Cheo nilichopewa ni meneja wa akaunti. Mama yangu mpaka leo anaamini nafanya kazi benki, na shangazi mmoja amewahi kuniomba nimwangalizie salio. Akaunti zenyewe ni wateja: kampuni ndogo za ndege za kukodi pale Terminal One ya Uwanja wa Julius Nyerere, zile zinazopeleka wageni Zanzibar, Mafia na Serengeti. Ndege zao nyingi ni Cessna Caravan, yenye injini moja na nafasi ya abiria 12 hivi. Kipuri kikifa, ndege inaitwa AOG, herufi tatu ambazo sote tunazitamka kwa Kiingereza, maana yake imekaa chini na haina ruhusa ya kuruka. Haiingizi hata senti, lakini rubani anataka mshahara wake na wageni wamekwishafunga mabegi. Hapo ndipo simu yangu inalia. Mimi sishiki spana na siendeshi foklifti. Kazi yangu ni kumwambia mwenye ndege kipuri chake kiko wapi. Kwa ufupi, nilikuwa nauza maneno, na nikajiona bingwa.

Agosti 2017, Ijumaa saa kumi jioni, fundi mkuu wa mteja wangu mmoja alipiga. Nitamwita Mzee tu, kama tulivyokuwa tukimwita wote. Alianza kazi kijana mdogo enzi za East African Airways, kabla shirika hilo halijavunjika mwaka 1977, na katikati alipita idara ya mizigo kabla ya kurudi karakana. Stata-jenereta ya Caravan moja ilikuwa imekufa. Ni kifaa kinachoizungusha injini iwake, kisha ikishawaka kinageuka jenereta na kulisha ndege umeme. Msimu wa watalii ulikuwa umefika kileleni.

Nikampigia muuzaji, Johannesburg. Kipuri kipo, wakasema, lakini mtu wa kusaini cheti chake amekwisha kwenda nyumbani, mpaka Jumatatu. Kutoka Johannesburg kuja Dar ndege haizidi sana saa tatu na nusu, kwa hiyo Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya kweli. Nililijua hilo kabla sijakata simu. Kisha nikampigia Mzee na kumwambia: "Iko njiani, Mzee. Kesho usiku unayo mkononi."

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi. Sikuwa nafaidika na chochote. Sauti yake ilikuwa na uchovu, nami sikutaka niwe mtu wa kumwongezea. Halafu nilitumaini, kama muuzaji yeyote wa Kariakoo anavyotumaini, kwamba kati ya leo na kesho kitatokea kitu.

Jumamosi jioni akanitumia ujumbe wa neno moja: "Namba?" Alitaka namba ya hati ya mzigo wa ndege, ili aufuatilie mwenyewe. Sikuwa nayo, kwa sababu mzigo haukuwepo. Hapa ndipo ninapoona aibu hata kuandika. Nilichukua tarakimu tatu za mwanzo, ambazo ni za shirika la ndege na nilizijua kwa moyo, nikaongeza nyingine nane kutoka kichwani. 4512366, na mwisho 2. Nikatuma, nikalala.

Asubuhi ya Jumapili akanipigia. "Njoo hapa karakana."

Caravan ilikuwa imefunguliwa kava la injini, waya zinaning'inia. Taa za kubeba mkononi zilikuwa bado zimewekwa kuizunguka, na sakafuni kulikuwa na vipande vya dawa ya mbu iliyoungua mpaka mwisho. Walikesha wakisubiri.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa hapo."

Akachukua kipande cha boksi na penseli, akaandika ile namba yangu, akaanza kugawa kwa saba, taratibu, kama mtoto wa darasa la nne. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ile mwaka mzima na nilikuwa sijui kwamba namba ya hati ya mzigo ina mlinzi ndani yake: ukishaziacha zile tatu za shirika, unachukua saba zinazofuata, unagawa kwa saba, na baki ndilo tarakimu ya mwisho. Ndiyo maana haliwezi kuwa kubwa kuliko sita. Alipomaliza akanigeuzia boksi.

"Baki tano. Wewe umeniandikia mbili. Namba hii umeitoa wapi?"

Nikasema labda nimekosea kuchapa. Hakunijibu. Akaelekeza penseli kwa kijana mmoja aliyekaa juu ya kizuio cha gurudumu, miguu kainyoosha, macho mekundu.

"Yule leo ni arobaini ya mama yake, Tanga. Basi lake lilikuwa jana mchana. Nilimwomba abaki, kwa kuwa wewe ulisema kipuri kinaingia usiku na yeye ndiye mwenye mkono mzuri wa kukifunga." Akanyamaza kidogo. "Ungesema Jumanne, ningefunga hili kava, ningekodi ndege ya jirani, na hawa wangelala kwao. Jumanne sina ugomvi nayo."

Nikamwendea kijana, nikampa pole. Akasema ahsante bila kuinua uso.

Kipuri kiliingia Jumanne alasiri, wakakifunga usiku uleule. Nilikwenda kusimama pale ingawa hakuna aliyenihitaji, na injini ilipowaka wote walipiga makofi isipokuwa mimi na yule kijana.

Ningependa kusema nilibadilika siku ile. Sivyo. Niliona aibu, jambo ambalo ni tofauti, na aibu inapoa baada ya wiki mbili. Kilichonibana kilikuja mwezi uliofuata, kwenye mafunzo ya mizigo hatari, yale ambayo wahusika hurudia kila baada ya miezi 24. Mwalimu alitusimulia kuhusu ndege ya DC-9 iliyoondoka Miami kwenda Atlanta tarehe 11 Mei 1996 na kuanguka ndani ya kinamasi cha Everglades dakika chache baadaye. Watu 110 walikufa. Katika shehena yake kulikuwa na makasha matano ya vizalishaji vya oksijeni vya zamani, vile vinavyowapa hewa abiria wakati wa dharura, na ambavyo vikianza kufanya kazi huwa vya moto sana. Havikuwa vimefungwa vifuniko vya usalama. Karatasi iliyosafiri navyo ilisema ni vitupu.

Wenzangu waliandika madaftarini. Mimi nilikuwa nawaza aliyeandika neno lile. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Nadhani alikuwa na haraka, kama mimi, na neno lilikuwa jepesi mkononi mwake kama namba ile ilivyokuwa nyepesi mkononi mwangu. Mimi nilimkosesha mtu arobaini. Tofauti yetu haikuwa tabia, ilikuwa aina ya mzigo tu, na kujua hivyo kulininyima usingizi kuliko macho ya yule kijana.

Kuanzia hapo nikaanza kuogopa viambishi. Lugha yetu imetupa "-me-" na "-ta-" bila malipo, na kumbe kazi yangu nzima ilikuwa kuvichanganya kwa makusudi. Nikajipangia: siwezi kusema "imepakiwa" mpaka nimeona hati yenye namba, na namba naigawa mwenyewe kwa saba. Siwezi kusema "imeruka" mpaka ndege imeruka. Kama sina jipya, napiga hivyohivyo kusema sina jipya. Mwanzoni wateja walidhani nina matatizo nyumbani.

Pia nikaanza kudai picha mbili kabla kipuri hakijatoka ghalani kwa muuzaji, moja ya kibati cha namba kilichopigiliwa kwenye chombo, nyingine ya cheti chake. Safari moja kibati kiliishia na 68 na cheti kikasema 86. Muuzaji akaniambia ni kosa dogo la uchapaji, tulipe tu. Zamani ningekuwa wa kwanza kukubali, ila sasa nilijua fundi yeyote mwenye akili angekirudisha, kwa sababu kipuri kisicho na cheti chake, hata kiwe kinang'aa, ni chuma chakavu cha bei mbaya. Tulikaa siku mbili tukisubiri karatasi sahihi. Mteja huyo alituhama, akaenda kwa wenzetu waliomwambia "kesho." Bosi aliniita akaniuliza kama nimesahau kazi niliyoajiriwa kufanya. Nilikosa bonasi ya mwaka ule, na sitadanganya kwamba haikuniuma.

Na wateja nao si malaika. Vipuri vingi tunauza kwa kubadilishana: unapewa kilichotengenezwa, unarudisha kibovu ndani ya siku tulizokubaliana, usiporudisha unatozwa fedha nyingi. Nikiwapigia kuulizia hicho kibovu, wananijibu kwa sauti tamu kabisa, kiko njiani. Nakijua kilipo. Kiko chini ya benchi, kimefunikwa gunia.

Mzee amestaafu. Nafasi yake imechukuliwa na kijana wa Tanga, ambaye siku hizi ana mvi mbili tatu na hana maneno mengi kuliko zamani. Hatukuwahi kuizungumzia Jumapili ile. Mwaka jana, Alhamisi moja jioni, alinipigia kuulizia pampu ya mafuta.

"Iko wapi?"

"Iko Johannesburg, kwenye rafu. Haijapakiwa, cheti hakijasainiwa. Mapema kabisa ni Jumatatu jioni."

Akanyamaza. Nikasikia spana zinarudishwa sandukuni, moja moja.

"Sawa," akasema. "Basi mimi nakwenda Tanga."