Pa Kugeuzia: Safari za Kinga za Jumamosi na Jumapili Kutoka Bukavu

Safari ya baiskeli ya mwisho wa wiki, kwa namna ilivyozoeleka Bukavu, ni mwendo wa watu watano hadi kumi na wawili wanaotoka pamoja, wanaokwenda polepole na kurudi kabla ya giza. Haina mshindi wala saa ya kufika. Ina jambo moja tu la kupatana: pa kugeuzia, yaani mahali ambapo kundi likifika litapumzika, litakula na kugeuza usukani. Historia ya safari hizi katika miaka arobaini hivi iliyopita ni historia ya mahali hapo, jinsi palivyosogea mbali na jinsi palivyorudi karibu.

Chombo chenyewe kina majina. Shuleni ni baiskeli. Mitaani Kadutu na Bagira ni kinga, neno lililo ndugu wa nkinga ya Kilingala na ikinga ya Kirundi. Aliyekaa sana na Kifaransa husema velo, na ng'ambo ya mto Ruzizi Wanyarwanda husema igare. Makala haya yanasema kinga, kwa kuwa ndilo neno lililoitwa dirishani alfajiri ya Jumapili.

Mji huu haukupangwa kwa kufikiria magurudumu. Umeketi juu ya rasi zinazoingia katika Ziwa Kivu upande wa kusini, na maji ya ziwa yenyewe yako mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtaa usio ukingoni mwa maji ni mpando au mteremko. Katika bonde la Ruzizi, kuanzia Kamanyola hadi Uvira, ardhi ni tambarare na kinga hubeba kila kitu: mchele, makaa, kuku, hata mgonjwa. Goma kuna chukudu, chombo cha mbao kinachoteremka na viazi kutoka Kibumba, nacho kimesimamishiwa sanamu mjini. Bukavu mizigo imebaki migongoni mwa wanawake, kamba ikipita kipajini, aibu ambayo mji haujaiondoa hadi leo. Ndiyo maana kinga hapa haikuwa punda wa familia. Ilikuwa mali ya mwalimu, katekista, muuguzi, mfanyakazi wa kiwanda cha bia au cha kwinini, yaani watu wenye mshahara na saa za kazi. Na mwenye saa za kazi ndiye mwenye mwisho wa wiki.

Kongo na baiskeli zina deni la zamani baina yao. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Kiskoti aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Miaka michache baadaye Ulaya na Marekani zilipagawa na baiskeli, mahitaji ya mpira yakapanda, na Dola Huru ya Kongo ya Leopold wa Pili ikawalazimisha watu wa Équateur na kwingineko kugema mpira wa msituni kwa bunduki na kiboko. Starehe ya kuendesha baiskeli Jumapili mchana ilitoka kwenye jasho hilo, ikaenda kwa wengine. Ilipofika Kadutu ilikuja juu ya tairi za China na India, na ilibidi kununuliwa.

Kundi linalokumbukwa hapa, ambalo mwandishi aliliingia akiwa kijana kwa sababu tu alikuwa na pampu, lilianza katika miaka ya 1980. Lilikuwa na walimu wawili, fundi cherehani mmoja, karani mmoja na vijana ambao idadi yao ilibadilika kila mwezi. Wazee wao walikuwa bado wakisimulia miezi ya 1967 ambapo mamluki wa Jean Schramme waliukalia mji, lakini kwa vijana hayo yalikuwa mambo ya masimulizi. Jumamosi ilianza na salongo, kazi ya umma ya enzi ya Mobutu: kufyeka, kuzibua mifereji, kuitwa majina. Salongo ikiisha, jembe huwekwa, kinga hutolewa. Safari ya Jumamosi ilikuwa fupi, hadi soko la Mudaka na kurudi. Ya Jumapili, baada ya misa ya kwanza, ilikuwa ndefu, na pa kugeuzia palikuwa Katana, zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini.

Kinga zote zilikuwa za aina moja kwa kweli, ingawa kila mwenyewe aliapa yake ni tofauti: magurudumu namba 28, uzito wa kilo 20 hivi, gia moja, kiti cha ngozi juu ya springi, karia ya chuma nyuma, na breki za fito zinazovuta vipande vya mpira dhidi ya rimu. Breki hizo ziliishi vizuri na jua. Rimu ya chuma ikilowa, mpira huteleza juu yake kana kwamba imepakwa mafuta, na Bukavu mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei. Kwa hiyo kila mtu alijua kushuka mlima kwa mguu: soli ya kiatu inabanwa kwenye tairi la mbele, chini ya uma, polepole. Viatu vya kundi lile vilitobokea mahali pamoja, upande wa kulia.

Barabara ya kaskazini, ile iendayo Goma, ndiyo iliyofaa kuliko zote. Barabara ya Uvira hushuka kwenye kuta za Ngomo hadi Kamanyola, na anayeshuka Ngomo kwa kinga ya gia moja ajue atarudi akiisukuma. Kundi lilijaribu mara moja tu. Kaskazini kuna vilima pia, lakini ni vya kustahimilika. Ukishauacha mji nyuma, unaingia Kabare: migomba, mashamba ya chai na ya kinkina, mti wa kwinini, mihogo, watoto wanaokimbia kando ya gurudumu la nyuma. Wenye mashamba husalimu kwa Mashi, "Asinge!", na kundi zima lilipaswa kuitikia, asiyeitikia alionywa na fundi cherehani, aliyekuwa na maoni makali kuhusu adabu. Kwenye mpando mrefu wote hushuka na kusukuma, na hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa mazuri, kwa kuwa mtu anayesukuma hana haraka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi mbivu juu ya mpando alikuwa na neno lake la kila wiki: "Poleni na mulima, ba papa." Aliwaambia hivyo hata vijana wa miaka kumi na sita.

Miti ni njia panda. Kushoto barabara huenda Tshivanga, kwenye lango la mbuga ya Kahuzi-Biega iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980. Siku isiyo na ukungu mlima Kahuzi wenyewe, mita 3,308, huonekana magharibi. Moja kwa moja ni Kavumu na uwanja wake wa ndege, kilomita 30 hivi kutoka mjini. Mbele ya Kavumu huchepuka njia ya Lwiro, kituo cha utafiti kilichojengwa na Wabelgiji baada ya taasisi yao ya IRSAC kuundwa mwaka 1947: majengo makubwa, nyua za ndani, maktaba iliyonyamaza. Kisha Katana, na hospitali yake ya zamani. Hapo kundi lilikula sambaza wa kukaanga na bugali. Sambaza nao ni wageni kama kinga: waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna anayekumbuka meza bila wao. Aliyetaka alikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, glasi moja, kwa maana njia ya kurudi ilikuwa ndefu na mabasi machache.

Mwendo uliwekwa na aliye dhaifu. Yeye ndiye aliyetangulia, na mwenye nguvu zaidi alikaa nyuma kabisa na gundi, vipande vya mpira na ile pampu. Watu wengi hufikiri safari ya pamoja huharibiwa na mwenda pole, kumbe huharibiwa na mwenda mbio: akishapotea mbele kwenye kona, wote wanaanza kukimbizana na hakuna tena safari, kuna mashindano yasiyo na zawadi.

Pancha ilikuwa sehemu ya ratiba. Kinga hugeuzwa miguu juu, tairi hutolewa upande mmoja kwa vijiko viwili vya kulia, tyubu huvutwa nje na kutiwa upepo. Kama hakuna sauti, huombwa beseni la maji katika nyumba ya karibu. Tyubu huzamishwa kipande kwa kipande mpaka vipovu vionyeshe tundu. Mahali hapo hukaushwa na kusuguliwa kwa jiwe. Kiraka hukatwa kutoka tyubu nzee, gundi hupakwa pande zote mbili, na kisha huja sehemu isiyowezekana kwa mwenye pupa: kungoja gundi ikauke mpaka isishike kidole. Dakika tano. Katika dakika hizo tano mwenye nyumba huwa ameshatoa viti, na wageni wameshaulizwa ni wana wa nani.

Julai 1994 mambo yalibadilika ndani ya wiki chache. Wakimbizi kutoka Rwanda walivuka Ruzizi kwa malaki, na barabara ya kaskazini ikawa barabara ya makambi: Kashusha na Inera zilikuwa palepale kundi lilipokuwa likipita, kati ya Miti na Kavumu. Kuendesha kwa starehe mbele ya watu wanaotafuta kuni na maji kulikosa maana, na pa kugeuzia pakarudi Mudaka. Mwishoni mwa Oktoba 1996 vita viliingia mjini. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 mwezi huo. Mwalimu mmoja wa kundi alihama. Kuanzia Agosti 1998 vita vya pili vilifunga hata Mudaka. Kinga mbili zilichukuliwa kwenye kizuizi na watu wenye bunduki ambao hawakujitambulisha, na wenye kinga hawakuuliza. Juni 2004, mji ulipotekwa tena kwa siku kadhaa, zilizobaki zilikuwa zimefichwa chini ya vitanda, magurudumu yametolewa.

Amani ya kiasi iliyofuata haikurudisha kinga, ilileta pikipiki. Boxer na TVS zilijaza Nyawera na Feu Rouge, na vijana ambao zamani wangejifunza kuziba pancha wakawa wamotari. Haifai kulalamika: pikipiki inapanda Kadutu ikiwa na abiria wawili na gunia, jambo ambalo kinga haikuliweza kamwe. Lakini barabara ilijaa honi na vumbi, na kinga ya namba 28 ikawa kitu cha kuchekwa.

Kinga iliyorudi ilikuja na umbo jingine. Katika miaka ya 2010 ziliingia baiskeli za milimani zilizotumika Ulaya, magurudumu namba 26, gia 21, breki zinazobana rimu ya alumini hata ikiwa imelowa. Mlima ambao wazee waliusukuma sasa ulipandwa mtu akiwa kitini, kwa mwendo wa kobe. Hapo lilipotea jambo moja ambalo hakuna aliyelitarajia: mazungumzo. Mpandaji wa gia ndogo anahema. Hana pumzi ya kusimulia. Na yule mama wa ndizi juu ya mpando, au binti yake, hupitwa bila kusimamiwa.

Ng'ambo ya ziwa starehe hii ilipewa jina na ramani. Mwaka 2011 Rwanda ilifungua njia ya Congo Nile Trail, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, na wageni huiendesha kwa siku tano hivi. Mwaka 2020 mbio za Tour du Rwanda zilitoka Rusizi hadi Rubavu kwa siku moja, kilomita zaidi ya 200. Ni ziwa lilelile na vilima vilevile, na mwisho wa njia ile uko Kamembe, unaoonekana kutoka rasi za Bukavu. Upande wa Kongo ulikuwa na safari yake miaka thelathini kabla, bila kibao hata kimoja, na ilipendeza vilevile. Tofauti ni kwamba mgeni wa Rwanda anajua usiku atalala wapi.

Kabla ya 2025 kundi jipya, lenye wazee wawili tu wa zamani, lilikuwa limefikisha tena pa kugeuzia Lwiro. Katikati ya Februari mwaka huo waasi wa M23 waliteka uwanja wa Kavumu, kisha Bukavu yenyewe. Septemba, Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika bara la Afrika, na wana wa kundi waliyatazama kwenye simu.

Siku hizi safari ni ya ndani ya mji. Huanzia Nyawera na kwenda kwenye rasi ya La Botte hadi ardhi inapoishia majini, kisha hurudi na kwenda tena, mpaka kilomita zitoshe. Waendao ni sita. Anayetaka kuongezeka afike baada ya misa ya kwanza na tyubu ya akiba ya namba 26. Za namba 28 zipo.