Jipi ya volti 6 haitaki waya wa pikipiki

Jipi ilifika garajini huko Kadutu, mjini Bukavu, siku ya posho asubuhi, ikivutwa kwa kamba nyuma ya Fuso. Ni Willys ya wakati wa vita kuu ya pili, ambayo baba wa familia aliinunua zamani kwenye shamba la kahawa. Baba amekwisha kufariki. Kati ya vijana wake wawili, mkubwa alitaka ikatwe na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, mdogo akaomba nafasi moja tu. Wakapatana mbele ya fundi: ikitoa moshi tena, inakwenda kwenye mzani.

Moshi ulikuwa umeshatoka mara moja, usiku, kwenye mteremko, watoto wakiwa ndani. Aliyeitengeneza kabla alikuwa ametoa nyaya nyingi za zamani na kuweka za pikipiki, akazifunga kwa skochi nyeusi.

“Muzee, waya si waya tu?” mkubwa aliuliza.

Fundi, mzee anayevaa miwani juu ya miwani, aliandika hesabu nyuma ya pakiti ya sigara. Taa ya wati 45 kwenye gari la volti 12 inakula amperi zisizofika 4. Jipi hii ni ya volti 6, na taa ya wati hizohizo inakula amperi 7 na nusu. Umeme unaopita ni maradufu, basi waya lazima uwe mnene. Ukiwa mwembamba unapata moto, na plastiki inayeyuka. Hata usipoungua, volti 1 ikipotea njiani kati ya 12 dereva anaweza asione. Ikipotea kati ya 6, taa inabaki kama kibatari.

Mdogo alisema basi waweke batri ya volti 12, yaishe. Mzee akamhesabia: dinamo, demareri, taa zote, vipimo vya mbele ya dereva. Batri ya volti 6 ikatafutwa mpaka Kigali.

Kazi yenyewe ilichukua majuma matatu. Fungu la nyaya za zamani lililobaki halikukatwa. Lilitolewa zima, likalazwa juu ya mbao, na misumari ikapigwa kila kona ambapo waya unatoka. Hapo ndipo waya mpya ulipopimwa. Kwenye kiwanda nyaya hizi zilikuwa za shaba iliyofunikwa mpira, juu yake pamba iliyofumwa na kupakwa vanishi, na uzi wa rangi nyingine ndani ya pamba ili fundi ajue upi unakwenda wapi. Mpira huo ukishapita miaka sabini unakatika kama biskuti. Kwa hiyo mzee alitumia waya mnene wa siku hizi ndani, akauvika pamba nje, akapaka vanishi. Wapo wapenzi wa magari haya huko Ulaya ambao wangenuna. Wao hawashuki na watoto usiku kwenye barabara za Bukavu.

Ncha zote zililehemiwa, hakuna iliyosokotwa kwa mkono. Kila mahali pa masi, yaani pale umeme unaporudi kwa batri kupitia chuma cha gari, rangi ilikwanguliwa mpaka chuma king’ae. Kijana anayejifunza kazi alikwangua siku mbili na kulalamika siku mbili.

Ni yeye aliyeona, chini ya rangi ya boneti, namba ya jeshi na herufi S mwishoni. Mzee alicheka peke yake. S ni alama ya jipi iliyozuiwa isisumbue redio. Ndiyo maana kulikuwa na vipande vya shaba iliyosukwa kati ya boneti na bodi, ambavyo fundi wa kwanza alivikata akidhani ni takataka. Plagi za injini zinapiga kelele kwenye redio, kila mtu aliyesikiliza habari karibu na gari bovu anaijua kelele hiyo. Shaba ile ilirudishwa.

Swichi ya taa nayo ilirudishwa na kitufe chake cha kufunga. Wakati wa vita kilimzuia dereva asiwashe taa kubwa kwa bahati mbaya pale alipotakiwa kutumia taa ndogo za kujificha.

Jioni ya mwisho taa ziliwashwa, injini ikanguruma, na jipi ikaachwa hivyo saa nzima. Mkubwa aliingiza mkono chini ya vipimo, akashika fungu la nyaya, akakaa hivyo bila kusema. Halafu akautoa mkono, akaunusa.

“Inabaki ngapi, Muzee?” aliuliza, akitafuta pesa mfukoni.