Wasiokuwapo Ukutani

Alasiri, maji yakiwa yamejaa, ukuta wa Forodhani katika Mji Mkongwe wa Unguja huwa uwanja wa mchezo. Vijana hupiga mbio, huruka, mwengine hupinduka hewani, na kabla povu halijatulia wa pili keshamfuata. Wageni husimama kuwapiga picha. Sisi wa pwani hatuoni ajabu: mtoto husukumwa na wenziwe, hunywa maji ya chumvi kidogo, akaibuka ni mwogeleaji.

Lakini tazama, ewe msomaji, ni nani asiyekuwapo ukutani pale.

Wakubwa wa zamani walijijengea maji yao ndani ya kuta. Sayyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shahrazad. Na Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliwajengea watu wa mjini hamamu nyengine, na mtaa wake hata leo waitwa Hamamni. Humo watu walioga. Kuogelea ni jambo jengine, ijapokuwa maneno haya mawili ni ndugu. Aogaye hujimwagia maji kwa kadiri apendavyo. Aogeleaye huyakabidhi mwili wake, na hapo ndipo hofu ianzapo.

Tuvuke sasa kisiwa hadi Paje na Jambiani, upande wa mashariki. Tangu mwaka 1989 wanawake wa huko hulima mwani. Maji yakipwa huingia baharini, kanga zimeloa hadi kiunoni, wakifunga mbegu kwenye kamba zilizotandwa baina ya vijiti. Fedha ya mwani imesomesha watoto wengi. Ila katika miaka ya karibuni maji ya kina kifupi yamezidi joto, na ule mwani wenye bei bora, uitwao kotonii, hufa humo. Wataalamu wasema upelekwe kwenye kina kirefu zaidi, ambako mguu haugusi mchanga. Na wengi wa mama hawa, waliofanya kazi baharini miaka na miaka, hawajui kuogelea!

Si dini iliyowazuia. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amuwie radhi, agizo la kuwafundisha watoto kuogelea. Kinachotajwa ni stara, nayo ina haki yake, hatuichezei. Lakini stara ni suala la nguo, mahali na mwalimu, na yote matatu yapatikana.

Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander, ikielekea Pemba hali imejazwa kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Waliothibitishwa kufa walizidi 200, na mamia hawakuonekana tena. Waliookoka wengine walishikilia magodoro. Hatusemi kwamba kuogelea kungewaokoa wote; kosa la kwanza ni la waliojaza meli. Hata hivyo, baina ya kuzama na kufika mashua ya uokozi kuna saa nyingi.

Nungwi hiyo hiyo, mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana kuogelea, wakivaa nguo za kuogelea zinazofunika mwili wote, na walimu wanawake wakiwamo. Somo la awali si kupiga mikono. Msichana hulazwa chali juu ya maji, masikio yamezama, mkono wa mwalimu u chini ya kichwa chake. Kisha mkono ule huondolewa taratibu, naye hajui umeondoka lini.