Ngoma ya Mavuno Katika Matawi ya Rufiji

Ngoma zimeinamishwa kuuelekea moto wa makuti, ngozi zikipata joto taratibu. Mpigaji mkuu, mzee mwenye kofia ya kufuma na shati lililofuliwa mpaka likapauka, anazizungukia moja moja. Anagonga kwa kidole, anatega sikio, anairudisha ngoma motoni, anagonga tena. Iliyo ndefu kuliko zote inamfika kifuani. Ndogo zimefungwa mikanda ya kuning'iniza shingoni, na pembeni limelazwa debe la bati na fimbo zake mbili. Harufu ya ngozi na moshi wa makuti inakutana na harufu ya mihogo ya kukaanga kutoka ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kaa hapo, bado haijaiva."

Hakuna anayemharakisha. Vijana waliovaa fulana za timu zao wamechuchumaa ukutani, wanawake wanafunga vibwebwe, watoto wamejaa mpaka juu ya mwembe. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara inapita hatua chache kutoka hapa, na kila basi kubwa likipita vumbi linatuinukia. Huu ni mji wa Kibiti, zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Dar es Salaam. Ni mji wa maduka ya mbele kwa mbele, mafungu ya machungwa na nazi, mikeka ya ukindu iliyosimamishwa ikiwa imeviringishwa, na bodaboda zinazosubiri abiria chini ya mikorosho.

Msimu ndio uliowaleta watu hawa. Masika imekwisha, upepo wa kusi unavuma, njia za mchanga zimekauka. Mpunga umeingia ndani, ufuta umepata mnunuzi, shule zimefungwa. Kati ya Juni na Agosti, wakati kuna chakula ghalani na senti kidogo mfukoni, ndipo harusi zinapofungwa, ndipo wali, mabinti waliofundwa ndani, wanapotolewa nje, ndipo ndugu wa mjini wanapopanda basi kurudi nyumbani. Tarehe haijachapishwa popote. Mtu akiuliza sherehe ni lini, anaambiwa: tukishavuna.

Ngozi zinaiva. Mzee anaipiga ile ndefu mara moja kwa kiganja kizima, na mlio unanigonga kifuani kabla sijausikia masikioni. Ndogo zinadakia. Debe linaingia kwa ukali, likikata juu ya mdundo mzito. Kisha mwanamke mmoja anaanzisha wimbo kwa sauti ya juu, iliyokwaruza kidogo, na wote wanaitikia. Hawaimbi wamesimama. Mara ya pili tu ya kuitikia, kundi zima limeshaanza kutembea.

Huu ndio mdundiko, ngoma ya miguuni. Wapigaji wako katikati, wanawake mbele na ubavuni, mabega yakipanda na kushuka, hatua fupi fupi zinazoburuza mchanga. Tulipoondoka kwenye moto tulikuwa kama watu 30. Tulipofika msikitini tulikuwa mara mbili. Ngoma ikanyamaza, tukapita kimya, ikaanza tena ng'ambo ya ukuta. Fundi cherehani aliacha nguo chini ya sindano akatoka. Mama wa vitumbua aliifunika karai yake, akamwachia binti moto, akajiunga. Dereva wa lori lililobeba magogo alizima injini na kungoja, hakupiga honi. Mpaka tunaingia mitaa ya nyuma, kwenye nyumba za udongo na bati na minazi mirefu, sikuona tena mwanzo wa msafara wala mwisho wake. Niliona vichwa, kanga, vumbi la rangi ya dhahabu, na kijiti cha debe kikipanda na kushuka.

Nimeyaona maandamano ya sanaa ya mijini, na nayapenda. Unguja kuna lile linalofungua tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, likipita mitaani na tarumbeta na wachezaji wa kila rangi. Bagamoyo kuna tamasha ambalo limeleta vikundi vya ngoma jukwaani tangu miaka ya 1980. Zamani zaidi, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, miji yetu ya pwani ilikuwa na beni. Watu waliandamana kwa sare, vyeo vya kijeshi na matarumbeta, na pande mbili, Marini na Arinoti, zilishindana kwa mavazi, karamu na nyimbo za kupigana vijembe. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, askari na wapagazi waliichukua beni wakaieneza bara.

Lakini katika maandamano hayo huwa kuna wanaopita na wanaotazama. Kibiti sikuona mtazamaji. Aliyetoka mlangoni kutazama, mlango ulibaki wazi nyuma yake na yeye akaenda. Watoto walikwenda. Ndiyo sababu kila mzazi wa pwani hii ana kisa cha mtoto aliyefuata mdundiko akapatikana usiku mtaa wa mbali, miguu myeupe kwa vumbi, hajui alikopita.

Na ngoma hii haikuishia hapa. Watu wa Rufiji na Kibiti walipohamia Dar es Salaam, wengi walitua upande wa kusini wa jiji, Mbagala na Temeke, karibu na barabara inayowarudisha kwao. Walikwenda na masufuria, na mikeka, na mapigo haya. Kijana mmoja mpiga debe aliniambia amezaliwa Mbagala, na anarudi kila mwaka kwa shangazi yake ili, kwa maneno yake, mkono usisahau. Mwenzake ametoka ng'ambo ya Mto Rufiji. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, watu wa upande huo walivuka kwa pantoni, na mto ukijaa walingoja. Sasa alikuja kwa basi, ngoma yake ikiwa imefunikwa gunia juu ya mizigo.

Asubuhi iliyofuata niliwafuata mzee, wapigaji wake na wenye shughuli ya kumtoa mwali hadi upande wa bahari. Bungu, kaskazini mwa mji wa Kibiti, ndipo njia ya Nyamisati inapochepuka. Inapita kwenye mikorosho, minazi na mashamba ya mihogo, kilomita zipatazo 40, mpaka ardhi inapoanza kulainika na harufu ya chumvi inapoingia dirishani. Nyamisati ni bandari ya watu wanaokwenda Mafia na vijiji vya delta. Wakati huo maji yalikuwa yamekupwa. Mashua zilikuwa zimelala ubavu kwenye tope la kijivu, na abiria walikaa juu ya magunia yao wakizungumza. Katikati yao ngoma zilisimama zimefunikwa kanga, kwa ajili ya umande.

Maji yalirudi bila kelele. Kwanza yalijaza nyayo za watu kwenye tope, kisha yakafika kwenye mikuku ya mashua, kisha nahodha akasema tupande.

Delta ya Rufiji ndiyo iliyobeba msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote wa Afrika ya Mashariki, hekta zipatazo 53,000, na ukubwa huo hauhisiwi mpaka uwe ndani yake. Mto unagawanyika matawi, matawi yanagawanyika vijito, na kila kona inafanana na ile uliyoiacha. Mikoko imesimama kwenye mizizi yake iliyopindana, michu imechomoza mizizi ya pumzi kama misumari kwenye tope, na juu zaidi kuna mikandaa na mikomafi yenye matunda mazito ya mviringo. Harufu ni ya tope lililochacha, majani na samaki. Kaa wekundu wanakimbilia mashimoni tukikaribia. Ndege mweupe anasimama kwa mguu mmoja, hatutazami.

Boriti za humu zilijenga miji. Kwa karne nyingi majahazi yalizipakia, zikihesabiwa kwa korija, 20 kwa korija moja, na kuzipeleka Unguja na hadi Uarabuni. Vyumba vya nyumba za kale za mawe ni vyembamba kwa sababu upana wake ni urefu wa boriti. Na humu ndimo meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilimojificha baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, Septemba 1914. Ilikaa humu mpaka Julai 1915, ilipopigwa na manowari zilizoweza kuelea kwenye maji haba, na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Msitu ulioweza kuficha chuma cha mita 115 haukuweza kuificha ngoma yetu. Mzee alipoipiga mara tatu kwenye mkunjo wa mto, ilijibiwa kutoka mahali tusipopaona, nyuma ya miti. Vigelegele vilipasuka mashuani. Wenyeji walikuwa wamesikia.

Kijiji kilitokea ghafla: minazi, paa za makuti na bati, mitumbwi, nyavu zilizoanikwa. Nyuma yake kulikuwa na mashamba ya mpunga yaliyobaki vishina, na madungu yamesimama juu ya miguu mirefu, vibanda ambamo familia huishi miezi ya kuchunga mpunga na kufukuza ndege. Mpunga wa huku hukua karibu kabisa na chumvi. Mafuriko ya mto ndiyo yanayoyasukuma nyuma maji ya bahari, na mkulima anapanda katika nafasi aliyopewa na mto. Kaa huikata miche michanga usiku, na mkulima hupanda tena. Bibi mmoja aliyekuwa akipepeta mchele uwanjani alinionyesha ungo wake.

"Huu ndio ngoma, mwanangu," alisema. "Zile nyingine ni ngozi tu."

Nilielewa alipoanza kunitajia. Mchele wa wageni. Mchele wa wapigaji, kwa pishi. Mchele wa makungwi waliomfunda mwali. Nazi, samaki wa kukausha, kamba. Kanga za doti, maana shangazi haji mikono mitupu wala haondoki mikono mitupu. Mwaka ambao mpunga haukupatikana, alisema, mwali alingoja mwaka mwingine.

Mchana maji yalipojaa kabisa, mwali alitoka. Yaliyokuwa ndani ya nyumba ni ya wanawake, na mimi nilikaa nje na wanaume, kwenye kivuli cha mkungu. Mlango ulifunguliwa na vigelegele vikatangulia. Alibebwa begani mwa mwanamke mwenye nguvu, amepakwa mafuta, amefungwa kanga mpya, shingo imelemewa shanga, mwavuli wazi juu ya kichwa. Macho yalitazama chini na hayakuinuka. Uso ulikuwa mtulivu, wa binti aliyefundishwa kuubeba uzito wa macho ya watu wote hawa. Likizo ikiisha atarudi shule, mama yake aliniambia hilo mara mbili.

Msafara ukazunguka kijiji kizima. Ulipita kwa babu asiyeweza tena kutembea, ukasimama mbele ya kitanda chake cha kamba mpaka alipotoa noti yake kumtunza mwali. Ukapita kwenye nyumba ya waliofiwa, ngoma zikishushwa sauti. Ukateremka ufukweni, na pale wanawake wakaingia mashuani na mwali wao, wapigaji katika mashua nyingine, ili kwenda kumwonyesha kwa ndugu wa ng'ambo. Mitumbwi ikafuata. Mapondo yalizama na kupanda kwa mapigo ya debe. Kanga nyekundu, njano na buluu zilipita mbele ya ukuta wa kijani wa mikoko, na kutoka kila kijito kidogo mtumbwi mwingine ulitokea, mtu mmoja au wawili ndani yake, ukajiunga. Kama ilivyokuwa Kibiti, nani angebaki kutazama? Nahodha alikuwa akiangalia maji. Walikuwa na saa chache tu kabla hayajakupwa na njia kufungwa na tope.

Usiku walicheza juu ya mchanga wa kijiji mpaka ukawa laini kama unga. Tulikula wali wa nazi kwenye sinia, watu sita kwa sinia, na kamba wakubwa. Wazee hawakuzungumzia ngoma. Walizungumzia maji. Juu ya mto sasa kuna bwawa la kuzalisha umeme wa megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Aprili 2024 mafuriko yaliyameza mashamba ya Rufiji na Kibiti. Maji matamu yakiwa mengi mno, mpunga unazama. Yakiwa machache, chumvi inapanda na kuuchoma. Kila mmoja alieleza shamba lake lilivyokuwa miaka hiyo, na kila mmoja alimalizia kwa kutaja shughuli iliyoahirishwa: harusi ya huyu, kutolewa kwa mwali wa yule.

Nimeyabeba mazungumzo hayo kuliko picha zozote nilizopiga. Tunapozungumza mijini juu ya kuhifadhi urithi, tunafikiria majukwaa, vipaza sauti, sare na kumbukumbu za video. Vyote ni vyema. Lakini msafara niliouona unaanzia kwenye shamba lililo ukingoni mwa bahari, unalipiwa kwa pishi za mchele, na unapita njia ambayo mikoko inaishikilia isimomonyoke. Ukiondoa mpunga, wapigaji hawana wa kuwaita. Ukiondoa mikoko, kijiji hakina pa kusimama. Anayetaka mjukuu wa yule mzee wa Kibiti naye aiweke ngozi motoni na kungoja iive, aanze kwa kuuliza maji ya Rufiji yanafika lini, kiasi gani, na nani aliulizwa kabla hayajafunguliwa.